Chupa zangu zitapita melini?

*Dada yangu aishiye Ujerumani amenialika safari ya meli ya kitalii inayopitia Shelisheli na Morisi na kuishia Zanzibar. Nataka kumnunulia baba mkwe ramu ya Morisi, ila nimeambiwa chupa hunyang'anywa mlangoni. Ni kweli?*
*Msomaji, Mpale, Korogwe*

Ondoa hofu, ndugu yangu. Kwa kawaida hazinyang'anywi, huhifadhiwa. Kila anayerudi melini mizigo yake hupita kwenye mashine ya ukaguzi. Chupa huchukuliwa, hubandikwa namba ya chumba, na hurudishwa mwisho wa safari. Meli inalinda mapato ya baa zake, lakini pia usalama: anayelewa peke yake chumbani hana mhudumu wa kumwambia basi, na nje kuna bahari. Usithubutu kuimimina ramu kwenye chupa ya maji. Hiyo ndiyo humwagwa kweli, na unaweza kushushwa njiani.

Mimi ningehangaikia zaidi forodha. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 humruhusu msafiri wa miaka 18 na zaidi kuingiza bila ushuru lita 1 ya pombe kali au lita 2 za mvinyo, si vyote viwili. Ukizidisha, mwambie afisa wa TRA kabla hajakuuliza, umwonyeshe risiti. Itunze hata ukishavuka kwa boti kwenda Dar es Salaam, maana huko mizigo hukaguliwa tena.

Kanuni za kampuni hazifanani. Dada amwulize wakala aliyemkatia tiketi, kabla hamjaondoka.