Kamba na Sukari

Kila mtu hutumia kamba na sukari, lakini si wengi wajuao jasho lililomo ndani yake. Mwanangu alikata kamba ya katani ya babu yake ili afanye mjeledi wa kuchezea. Mzee hakusema neno. Aliviokota vile vipande, akavitia mfukoni. Basi wakati wa likizo nikaona vema tusafiri sote, mimi na mama yao, watoto, na babu yao, tukatazame jinsi vitu hivi vinavyofanyizwa katika nchi yetu.

Tulianza Kimamba, karibu na Kilosa, penye mashamba ya mkonge. Mmea huu asili yake si hapa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida katika Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Katika hiyo michache yalitoka mashamba makubwa, hata mwaka 1964 nchi yetu ilitoa tani za katani zipatazo 230,000. Baadaye kamba za nailoni zilishusha bei yake, na mashamba mengi yakageuka pori.

Tuliwaona wakataji wakikata majani, wakiondoa mwiba wa nchani, na kuyafunga matita ya majani 30. Mashine huyaponda na kuyakwangua, na maji huyaosha, hata zibaki nyuzi tupu. Nyuzi huanikwa juani, husuguliwa kwa brashi, kisha hushindiliwa kuwa marobota. Katika kilo 100 za majani hupatikana kama kilo 4 tu za katani.

Babu alitunyoshea kiganja chenye makovu, akasema, "Ujanani nalikuwa manamba katika shamba kama hili. Miiba hii naijua." Mwanangu akainamisha kichwa.

Tukarudi Kilosa, tukashika njia ya Mikumi. Huko iko hifadhi ya wanyama iliyowekwa mwaka 1964, na barabara kuu hupita katikati yake. Dereva mwenye busara huenda polepole, maana tembo na twiga huvuka. Kutoka mji wa Mikumi tulielekea kusini mpaka Ruembe, karibu na Kidatu, penye kiwanda cha sukari.

Muwa uliokatwa haungoji; ukikawia, utamu wake hupungua. Kwa hiyo mkulima mdogo auzaye miwa yake huona uchungu mzigo wake ukichelewa. Miwa hupondwa kwa magurudumu ya chuma. Maji yake hupashwa moto na kutiwa chokaa ili taka zishuke, kisha huchemshwa hata yawe mazito na chembe za sukari zitokee. Chembe hizo huzungushwa kwa kasi ndani ya pipa lenye matundu. Uji mweusi hutoka, sukari hubaki. Hata makapi hayatupwi: huchomwa ili kuchemsha maji, na mvuke wake huendesha mitambo.

Jioni, tukinywa chai, mwanangu alisema, "Babu, nisamehe, nipe vile vipande." Akaviunga kwa fundo. Mzee akaivuta kamba mara mbili, akasema, "Fundo limeshika, mjukuu wangu. Lakini kamba sasa ni fupi kuliko kwanza."

Maswali
1. Miche mingapi ya mkonge ilifika hai?
2. Kwa nini muwa usikawie baada ya kukatwa?
3. Eleza maana ya maneno ya mwisho ya babu.