Somo la Kikundi: Tupime Tiba Kabla ya Kuuza Ng'ombe



Katika somo hili tutazungumza juu ya watoto wenye usonji, na juu ya tiba moja ambayo baadhi ya wazazi husikia habari zake: akupancha, yaani tiba ya Wachina ya kuchoma mwili kwa sindano nyembamba sana. Mwenyekiti au katibu asome kwa sauti, sehemu moja moja, kisha mjibu maswali yaliyo mwisho. Hata kama hakuna mtoto mwenye usonji katika kikundi chenu, somo litawafaa, kwa sababu njia ya kupima tiba ni ile ile kwa kila ugonjwa.

1. USONJI NI NINI?

Usonji ni hali ya ubongo wa mtoto kukua kwa njia tofauti. Hauambukizi. Mara nyingi dalili huonekana kabla mtoto hajafika miaka mitatu. Ukimwita jina hageuki. Haonyeshi kitu kwa kidole kama wenzake. Huchelewa kuongea, au hurudia tu maneno aliyosikia. Hupanga vitu mstari siku nzima, na ukivigusa analia sana. Sauti ndogo kama ya redio yaweza kumsumbua mno.

Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, ndiye aliyeandika mwaka wa 1943 habari za watoto 11 wa namna hii, na tangu hapo hali hiyo ikajulikana kwa jina lake. Lakini watoto kama hao walikuwako kabla yake, hata vijijini kwetu. Hapa Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015 uliwauliza wazazi na wataalamu wa Kilifi wanafikiri usonji unatoka wapi. Wengine walitaja pepo, uchawi na laana. Wengine walitaja shida wakati wa kujifungua, magonjwa, na mambo ya kurithi.

Tuseme wazi: usonji si laana, na si kosa la mama. Wataalamu wamegundua kwamba urithi una sehemu kubwa. Na mpaka leo hakuna dawa ya kuuondoa. Hapo ndipo shida huanza. Mahali pasipo na dawa, wauza matumaini huwa wengi.

2. KWA NINI USHUHUDA PEKEE HAUTOSHI?

Tuseme mama amempeleka mtoto kuchomwa sindano kwa miezi sita. Mtoto sasa anasema "maji" na "mama". Mama anasimama mbele ya watu na kushuhudia. Hasemi uongo, maana mtoto kweli ameongea. Lakini je, ni sindano zilizomsaidia?

Sisi wakulima tunalijua jambo hili. Ukitia mbolea mpya shamba lote, na mwaka huo mvua ikanyesha vizuri, utajuaje kama mahindi yalifanya vizuri kwa mbolea au kwa mvua? Huwezi kujua. Mkulima mwenye akili huacha mistari michache bila ile mbolea. Mvua inanyesha pande zote mbili, palizi ni ile ile, kisha wakati wa kuvuna analinganisha.

Kwa mtoto, "mvua" ni mambo mengi. Kwanza, mtoto hukua, na mwenye usonji naye hukua na kujifunza, ingawa polepole. Pili, katika miezi ile alikuwa akienda shule, au nyumbani waliongea naye zaidi. Tatu, mzazi aliyeuza ng'ombe anatazama kwa macho ya matumaini, na mambo madogo ambayo zamani hakuyaona sasa anayaona.

3. KIPIMO CHA HAKI

Watafiti hufanya kama yule mkulima, ila wanaongeza mambo matatu:

(a) Watoto hugawanywa makundi mawili kwa kura, ili wasichague wale wenye nafuu kuingia kundi la tiba.

(b) Kundi moja hupata tiba yenyewe, na la pili hupata kitu kinachofanana nayo. Kwa akupancha, hizi huitwa sindano za kuigiza: mtoto huchomwa juu juu, au mahali ambapo waganga wa Kichina hawahesabu kuwa pa tiba.

(c) Wazazi na wale wanaompima mtoto hawaambiwi yuko kundi gani mpaka mwisho.

Mtauliza, kwani kuna haja ya kujisumbua hivyo? Tazameni yaliyotokea Marekani. Mwaka wa 1998 zilienea habari za dawa iitwayo sekretini. Watoto watatu wenye usonji walidungwa dawa hiyo kwa ajili ya uchunguzi wa tumbo, ikasemekana wakaanza kuongea na kutazama watu machoni. Wazazi wengi wakaitafuta kwa bei kubwa. Mwaka wa 1999 ikapimwa kwa haki kwa watoto 60. Nusu walidungwa sekretini, na nusu maji ya chumvi. Baada ya majuma manne, makundi yote mawili yalionyesha nafuu, na hakukuwa na tofauti! Maji ya chumvi yalifanya kazi sawa na dawa ya bei kubwa. Hata hivyo, wazazi walipoambiwa matokeo, 69 kati ya kila 100 walisema bado wanaitaka. Tusiwacheke. Kuacha tumaini ni kazi ngumu kwa mzazi yeyote.

4. JE, AKUPANCHA IMEPIMWA?

Ndiyo, imepimwa, hasa China, Hong Kong na Misri.

Huko Misri, majaribio yaliyochapishwa mwaka wa 2008 yalichukua watoto 20. Kumi walipata mafunzo ya lugha tu. Kumi wengine walipata mafunzo hayo pamoja na sindano za kichwani, kwa miezi tisa. Makundi yote yaliendelea mbele, na lile la sindano lilifanya vizuri zaidi katika mambo machache. Lakini hakukuwa na sindano za kuigiza, na watoto kumi ni wachache mno.

Huko Hong Kong, mwaka wa 2010, kipimo kilikuwa cha haki zaidi. Watoto 30 walipata sindano za kweli zenye umeme kidogo, na 25 walipata za kuigiza, mara 12 kwa majuma manne. Kundi la kwanza lilionyesha nafuu kidogo katika kuelewa maneno na kujitunza, lakini katika vipimo vingine vingi hakukuwa na tofauti. Na ukipima mambo mengi kwa wakati mmoja, moja mawili yaweza kutokea kwa bahati tu, kama vile kurusha shilingi mara nyingi.

Mwaka wa 2011 wataalamu walikusanya majaribio 10 yenye watoto 390 na kuyachunguza pamoja. Uamuzi wao ulikuwa huu: hakuna ushahidi wa kutosha kwamba akupancha inatibu usonji. Majaribio mengi yalikuwa madogo, ya muda mfupi, au hayakufanywa kwa uangalifu. Tangu hapo mengine yamefanywa, hasa China, lakini udhaifu huo haujaisha.

Angalieni vizuri: hatusemi imethibitishwa kwamba haina faida. Tunasema haijathibitishwa kwamba ina faida. Mtu anayetaka pesa zako kwa jambo ambalo halijathibitishwa anapaswa kukuambia hivyo kabla hujalipa.

5. GHARAMA NA HATARI

Katika baadhi ya majaribio hayo, watoto walilia kwa hofu au maumivu, wengine walitoka damu kidogo, wengine walikosa usingizi au wakazidi kuhangaika. Kumbukeni kwamba mtoto mwenye usonji huenda asiweze kusema "naumia". Tena sindano iliyotumiwa kwa mtu mwingine yaweza kuleta virusi vya ukimwi au ugonjwa wa ini. Sindano lazima iwe mpya, ifunguliwe mbele ya macho yako, na itupwe baada ya kutumika.

Na kuna gharama isiyoandikwa kwenye risiti: nauli, siku za kazi zilizopotea, karo ya ndugu zake, na miezi ambayo mtoto angekuwa akifundishwa.

6. MASWALI YA KUMWULIZA ANAYEUZA TIBA

Iwe ni akupancha, dawa ya chupa, au mafuta, ulizeni:

- Imepimwa kwa watoto wangapi? Na walilinganishwa na akina nani?
- Waliopima walijua ni mtoto gani aliyepata tiba?
- Ni jambo gani hasa litakalobadilika, na baada ya muda gani?
- Yaweza kumdhuru vipi?
- Mtoto asipopata nafuu, tutaacha lini?

Akikasirika kwa sababu umeuliza, hilo nalo ni jibu.

7. TUFANYE NINI SASA?

Kwanza, mtoto apimwe masikio hospitalini, maana asiyegeuka akiitwa huenda hasikii. Pili, apelekwe kituo cha upimaji cha watoto wenye mahitaji maalum, kile kinachojulikana kama EARC. Vituo hivi vilianzishwa Kenya mwaka wa 1984. Mwulizeni mwalimu mkuu wa shule ya msingi kilipo cha karibu.

Tatu, mafunzo ya kila siku nyumbani. Shirika la Afya Duniani limetayarisha mafunzo kwa wazazi, na mwaka wa 2022 lilianza kuyatoa kwa watu wote. Yana vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, na yaweza kuongozwa na watu wasio madaktari waliofundishwa. Msingi wake ni kutumia michezo na kazi za nyumbani: kaa chini usawa wa mtoto, fuata anachokipenda, sema maneno machache, ngoja ajibu, msifu akijaribu. Wakati wa kuosha vyombo sema "kikombe", kisha mpe.

Nne, kikundi chenyewe. Mama wa mtoto kama huyu mara nyingi haji mkutanoni kwa sababu hana wa kumwachia. Wanachama wawili wakipokezana kumtunza kwa saa mbili kila juma, wamempa msaada ambao hakuna haja ya kuupima maabara.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, kuna mtoto kijijini kwetu anayefichwa ndani? Nani atakwenda kuitembelea familia yake, na lini?
2. Tajeni tiba moja iliyosifiwa sana hapa kwetu. Je, tulijuaje kwamba ni tiba na si "mvua"?
3. Mwanachama akiomba mkopo wa kikundi kwa ajili ya tiba isiyothibitishwa, tutamjibu vipi bila kumvunja moyo?

Katibu aandike mliyoamua, pamoja na jina la atakayefuatilia kila jambo.