Mwanahistoria Ndani ya Mtunzi: Aniceti Kitereza na Funzo Lake kwa Simulizi za Singida

Makala haya yanadai kwamba riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, ni kazi ya historia kwa kiwango kilekile ambacho ni kazi ya sanaa. Dai hili linamhusu pia mtafiti wa simulizi za Singida, kama tutakavyoonyesha.

Kitereza (1896–1981) alitoka katika ukoo wa Abasilanga uliotawala Ukerewe, akasomeshwa na wamisionari. Alihifadhi masimulizi ya wazee wake na, mwishoni mwa miaka ya 1960, alimsaidia mwanahistoria Gerald Hartwig katika utafiti wake juu ya Wakerewe. Riwaya yake aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Kwa kuwa haikupata mchapishaji, baadaye aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, yaani baada ya miaka 35. Mtunzi alifariki kabla ya kuishika nakala mkononi.

Huenda mhakiki akaona kasoro pale msimulizi anapousimamisha mtiririko wa visa ili aeleze desturi. Hata hivyo, tuchukue mfano mmoja. Wakwe wa Myombekere wanamchukua binti yao kwa sababu hajazaa. Ili arudishiwe mke, Myombekere hana budi kulipa fidia ya pombe ya ndizi. Maelezo ya utengenezaji wa pombe hiyo yanatufunulia ujirani, mgawanyo wa kazi, na uzito wa utasa katika ndoa. Orodha ya watawala haiwezi kutupa maarifa hayo. Kwa hiyo, kinachodhaniwa kuwa kasoro ya msanii ndicho ushahidi wa mwanahistoria.

Tukirejea Singida, simulizi za Wanyaturu humtaja Liti, mwanamke anayesemekana kuwapiga Wajerumani kwa nyuki. Uwanja wa mpira mjini Singida umepewa jina lake. Lakini jina peke yake halituelezi mizinga ilitundikwaje, asali ilikuwa ya nani, wala kwa nini watu walimtii mwanamke huyo. Mambo hayo ya kila siku ndiyo yanayotangulia kuzikwa pamoja na wazee.

Kwa mintarafu hiyo, tunapendekeza mtafiti ayaandike kwanza kwa Kinyaturu, kisha kwa Kiswahili, wala asingoje mchapishaji. Kitereza hakungoja.