SOMO LA AFYA: KIPIMO KIMOJA, KAZI MBILI



Katika somo la robo hii tunaangalia saratani ya tezi dume, ugonjwa ambao wazee wetu wengi huona aibu kuutaja. Tunataka kuelewa jambo moja: kwa nini mgonjwa aliyekwisha kufanyiwa upasuaji aendelee kupimwa hata akijisikia mzima?

1. Kabla ya upasuaji

Tezi dume hutoa protini iitwayo PSA, na kiasi chake hupimwa katika damu. Nchini Marekani kipimo hiki kiliidhinishwa mwaka 1986 kwa kufuatilia wagonjwa waliokwisha kujulikana. Kiliruhusiwa kusaidia kugundua ugonjwa mwaka 1994. PSA hupanda kwa saratani, lakini hupanda pia kwa maambukizo, au tezi inapokua kwa sababu ya umri tu. Kwa hiyo PSA kubwa si hukumu. Uthibitisho hupatikana kwa kuchukua vinyama vya tezi na kuvichunguza kwa hadubini. Utafiti wa PROMIS wa Uingereza, uliotolewa mwaka 2017 na kuhusisha wanaume 576, ulionyesha kuwa picha ya MRI ikitangulia, takriban robo yao wangeepuka kuchukuliwa vinyama.

2. Baada ya upasuaji

Tezi ikiondolewa yote, PSA inatakiwa kushuka hadi isionekane baada ya wiki chache. Ikifika nanogramu 0.2 kwa mililita na kipimo cha pili kikathibitisha, ni ishara kwamba ugonjwa unarudi, mara nyingi miaka mingi kabla ya maumivu. Hivyo kipimo kilichotia shaka mwanzoni sasa kinakuwa mlinzi mwaminifu.

Watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walitoa mwaka 1999 habari za wanaume 1,997 waliofanyiwa upasuaji. PSA ilipanda tena kwa asilimia 15. Kwa wale ambao hawakupewa tiba ya homoni mapema, ilichukua kwa kawaida miaka 8 hivi kabla saratani haijaonekana sehemu nyingine za mwili. Basi PSA ikipanda, tusikate tamaa: upo muda wa kutenda.

Je, kila mtu apewe mionzi mara tu baada ya upasuaji? Utafiti wa RADICALS, wa wanaume 1,396 katika Uingereza, Ireland, Denmark na Kanada, ulijibu mwaka 2020. Waliofuatiliwa na kupewa mionzi PSA ilipopanda tu hawakupata hasara, wengi wao hawakuihitaji, na matatizo ya mkojo yalikuwa machache kwao. Lakini njia hiyo ni salama kwa mgonjwa anayerudi kupimwa.

3. Wajibu wetu

Mara nyingi tunachanga kwa bidii siku ya upasuaji, kisha tunaona kazi imekwisha. Mzee asiye na nauli haendi kliniki, na ugonjwa ukirudi hakuna anayejua. Tunaomba kila kamati iweke katika bajeti ya wagonjwa nauli na gharama ya kipimo kwa miaka inayofuata, si kwa siku moja tu. Wafadhili nao wajue kwamba fedha hizo ndogo hulinda zile kubwa zilizotangulia.

Maswali ya kujadili

1. Ni wazee wangapi parokiani mwetu wamefanyiwa upasuaji huu, na nani anakumbuka tarehe zao za kliniki?
2. Tutawasaidiaje bila kutangaza siri zao?
3. Bajeti yetu inamfuata mgonjwa hadi lini?