Somo la Kikundi: Baiskeli ya Injini, Tuanze na Breki



Mara kwa mara vijana wa vikundi hutuuliza swali moja: jenereta yetu ndogo imeungua dinamo, lakini injini bado inanguruma vizuri. Tuiuze kama chuma chakavu, ama tuifunge kwenye baiskeli? Somo la leo ni juu ya swali hilo. Lisomeni pamoja, na fundi wenu wa jua kali awepo, maana atakuwa na lake la kusema.

Kwanza tusidhani hili ni jambo la ajabu. Mkokoteni wa punda unaotuletea maji umekaa juu ya ekseli ya gari lililokufa zamani, na hakuna anayeucheka. Huko Japani mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha na usafiri ukiwa wa taabu, fundi mmoja wa mji wa Hamamatsu aitwaye Soichiro Honda alipata injini ndogo za jenereta zilizokuwa za redio za jeshi. Akazifunga kwenye baiskeli. Tangi lake la kwanza la petroli lilikuwa chupa ya maji moto, ile ambayo watu wa nchi za baridi hulala nayo kitandani. Kampuni ya Honda, ambayo jina lake twaliona kwenye pikipiki na pampu za mashambani, chanzo chake ni hapo.

Sisi nasi tulijaribu. Tulianza Jumatatu, na kufika Alhamisi baiskeli ikakimbia. Tulishangilia sana! Breki tulisema tutaziangalia baadaye. Jioni ile ile waya wa aksileta ulikwama ukiwa wazi. Mwenzetu aliyepanda hakuwa na swichi ya kuzima, breki zikabana bure, naye akaona afadhali aingie kwenye ua wa miiba kuliko kuingia kwenye watu. Mtulinga ulivunjika. Hakuweza kuinua jembe kwa wiki sita, na vitunguu vilikuwa vinangoja palizi. Mama yake hakutulaumu kwa maneno, alitutazama tu. Tangu siku hiyo kazi hii tunaifundisha kinyumenyume: breki, magurudumu, swichi, halafu injini mwisho kabisa.

Basi, breki. Baiskeli kubwa nyeusi, zile tunazoita Black Mamba, zina breki za fito za chuma zinazobana rimu. Zilitengenezwa kwa mwendo wa miguu ya mtu. Badilisha raba zote nne, nyosha fito zilizopinda, futa oili na kutu kwenye rimu. Kisha mtu mzito kuliko wote kikundini apande, abane breki, na wawili wamsukume kwa nguvu. Gurudumu likizunguka, kazi bado.

Kwa nini twasisitiza? Kwa sababu mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama huongezeka mara nne. Tuseme kwa kilomita 12 kwa saa breki zako zinakusimamisha kwa hatua mbili. Kwa kilomita 24 utahitaji hatua nane. Kwa kilomita 48 utahitaji hatua thelathini na mbili, na mbuzi aliyekatiza mbele yako hakupi hata kumi. Mtu asiyeamini apime mwenyewe kwa kukanyaga pedali tu, polepole halafu kwa kasi, na mwenzake ahesabu hatua.

Magurudumu hatutayakawilia sana, kila fundi wa baiskeli ayajua: spoki zote ziwepo, rimu isiyumbe, golori zipate grisi mpya. Lakini huku kwetu kuna mathenge. Mti huu uliletwa kuzuia mchanga na kutupa kuni, na sasa umejaa kila mahali. Mwiba wake hupenya tairi kama sindano. Kata tairi kuukuu, toa ukanda mwembamba, uuweke ndani kati ya tairi na tyubu. Pancha ya baiskeli ya miguu ni usumbufu. Pancha ya ghafla ukiwa mbioni ni hospitali.

Swichi ni kitu kidogo chenye bei ya soda. Injini hizi hutoa cheche kwa sumaku. Ukiupeleka waya wa cheche kwenye mwili wa injini, cheche inakufa na injini inazima. Tafuta kitufe cha honi ya gari kuukuu, ukifunge kwenye usukani, mahali kidole gumba kinapofika bila kuachilia breki. Tena weka springi yenye nguvu kwenye aksileta, ili ukiachilia mkono ijirudishe yenyewe.

Sasa tufike kwenye injini. Zile jenereta ndogo za kubeba kwa mkono zina injini ya cc 60 na kidogo, na hizo zatosha. Injini ya pampu kubwa ya maji msiiguse; ni nzito, na nguvu yake si ya fremu ya baiskeli. Ondoa dinamo iliyoungua, kisha uvute kamba uone kama plagi bado inatoa cheche. Usitoe kifuniko cha feni, maana feni ndiyo inayoipoza injini, na joto la Garissa mwalijua. Kichujio cha hewa nacho kisafishwe kila mara, kwa sababu ya vumbi.

Kuna kitu kingine kinachowaponza wengi: gavana (si yule wa kaunti!). Kazi yake kwenye jenereta ni kushika mwendo usibadilike. Injini ikilemewa, yeye hufungua petroli zaidi bila kuulizwa. Kwenye baiskeli hilo ni hatari tupu. Mfungue, na kabureta isikilize waya wa mkono wako peke yake.

Njia rahisi ya kupeleka nguvu kwenye gurudumu ni rola ya chuma inayokandamiza tairi la nyuma. Haihitaji cheni wala giaboksi. Hapa chukueni kalamu. Jenereta ya kwetu imeundwa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika. Rola yenye upana wa sentimita 4.2, ukizidisha kwa 22 na kugawa kwa 7, ina mzingo wa sentimita 13.2. Mara 3,000 ni sentimita 39,600, yaani mita 396 kwa dakika. Kwa saa moja ni karibu kilomita 24. Yatosha. Kijana mmoja atasema, tuweke rola mara mbili ya hiyo. Mwambieni arudi kwenye hatua thelathini na mbili.

Kabla ya kuchomelea chochote, angalieni upande wa kuzunguka. Rola huzunguka kinyume cha gurudumu. Ukikuta inakusukuma nyuma, geuza injini yote, shafti itazame upande wa pili. Sisi tulichomelea kwanza tukaangalia baadaye, tukamaliza vijiti vya weldi bure.

Injini ikae juu ya karia, kwenye kibao cha chuma chenye bawaba za mlango upande mmoja. Upande wa pili weka mkono wa kuiinua, na springi ya kuivuta chini. Ukiinua, rola huachana na tairi, na hiyo ndiyo klachi yenu. Ncha ya nje ya rola ishikwe na beringi, kwa mfano ya oltaneta ya gari, la sivyo shafti itapinda. Tangi liwe juu ya kabureta ili petroli ishuke, lakini mbali na ekzosi. Injini hizi za mipigo miwili hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Kama kibao chasema 50:1, ni mililita 20 za oili kwa kila lita.

Jaribio la kwanza lifanyike asubuhi, uwanja ukiwa mtupu, bila abiria wala watoto pembeni. Washa, kanyaga pedali mpaka uwe na mwendo, ndipo uishushe rola taratibu.

Tuseme pia isichoweza. Kwenye mchanga mwingi au tairi likiwa na maji, rola huteleza. Inua injini ukanyage. Itabeba dumu la maziwa la lita 20 hadi sokoni kabla jua halijayaharibu, na kwa akina mama wanaouza maziwa ya ngamia hilo si jambo dogo. Mgonjwa au mama mjamzito asipandishwe. Na barabara kuu je? Kwa Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, chombo kinachosukumwa na injini ni gari. Chataka kusajiliwa, bima, na dereva mwenye leseni. Bila hayo kibaki njia za shambani.

Maoni yetu wenyewe ni haya: kama fundi wa mjini aweza kuisuka upya dinamo kwa bei mnayoimudu, sukeni. Jenereta nzima yaweza kuwasaidia watu wengi kuliko baiskeli moja. Lakini dinamo ikiwa imekufa kabisa, injini isioze kwenye kona.

Ya kujadiliana kikundini: Injini tuliyo nayo yaweza kufanya kazi gani nyingine? Petroli italipwa na nani, mfuko wa kikundi au anayeipanda? Ikigonga mbuzi wa mtu, tutalipaje? Na siku ya jaribio, nani atapanda wa kwanza, na breki zake atakuwa amezipima nani?