Mbwa anakojoa damu: kwa nini picha mbili?

*Daktari, mbwa wangu dume wa miaka sita anainua mguu kila mara, lakini mkojo unatoka matone tu, tena una damu. Daktari wa mifugo anataka apigwe eksirei na ultrasaundi. Je, moja haitoshi? Mfugaji, Arusha*

Jibu: Pole sana. Dalili hizo huletwa na maambukizi, vijiwe au uvimbe kwenye kibofu, na kwa macho huwezi kuvitofautisha.

Kila picha ina kazi yake. Eksirei huonyesha vijiwe vingi na njia ya mkojo hadi kwenye mfupa wa uume, ambapo vijiwe hukwama mara kwa mara. Lakini vijiwe vya yureti (urate), vinavyowasumbua mbwa aina ya Dalmatian, huweza kupita bila kuonekana. Ultrasaundi huviona vikiwa kibofuni, pamoja na uvimbe na unene wa ukuta wa kibofu. Ila sehemu ya njia ya mkojo iliyo ndani ya nyonga haionekani vizuri.

Kibofu chenye mkojo hupigika picha vizuri zaidi, hivyo muulize daktari kama usimtoe kukojoa kabla ya kipimo. Mkojo nao upimwe.

Akishindwa kabisa kukojoa, au akianza kutapika, mpeleke saa hiyo hiyo. Usisubiri kesho.