Kiyoyozi Kinachodondosha Maji Chumbani

Swali: Kwa nini kiyoyozi cha ukutani hudondosha maji ndani, na je, ni lazima kiongezwe gesi?

Jibu: Maji hayo ni mvuke wa hewani uliogeuka matone kwa kugusa koili, yaani mabomba membamba ya baridi yanayofyonza joto la chumba, na matone hayo hukusanywa katika trei na kutolewa nje kwa mpira, na kwa kuwa hewa ya Mombasa au Dar es Salaam ina unyevu mwingi, mpira ulioziba kwa vumbi na utelezi huifurisha trei hiyo upesi. Umeme ukishazimwa, chujio la hewa huoshwa na kukaushwa, na mpira huzibuliwa kwa kuuvuta uchafu kutoka mwisho wake wa nje. Kuhusu gesi, koili ikiganda barafu, aghalabu ama hewa haipiti vya kutosha ama gesi imepungua. Gesi hiyo haichomwi ikaisha kama mafuta ya taa, bali huzunguka katika mfumo uliofungwa, hivyo fundi anayeijaza bila kutafuta inapovujia huwa ameuza nafuu ya muda tu. Wakati wa kusafisha, kapasita, kifaa kinachosaidia kuwasha mota, huweza kubaki na chaji hata umeme ukizimwa, kwa hiyo mwenye nyumba asiiguse.